Moyo wa Upande Mmoja

Makangale, Pemba
10 Januari 2024

Mume wangu Hamdan,

Assalaam alaykum. Sisi huku tuko salama. Mama yako hajambo, ila goti linamsumbua akisujudu, sasa anasalia kitini na anaona haya kama mtoto aliyevunja sahani. Barua hii anakuja nayo ndugu yako Yussuf, pamoja na sabuni na ile shuka uliyoitaka.

Juzi nilikwenda kituo cha afya kupimwa. Usifikiri ni kama zamani, mkunga Bi Tatu anakubonyeza tumbo kwa mikono basi. Sasa wameletewa mashine ya picha, na mambo yake wanayaita tiba mtandao. Nimelala kitandani, Bi Tatu kanipaka jeli ya baridi, anapitisha kidude chake tumboni, na kwenye kioo ukutani yuko daktari bingwa, mwanamke, jina lake Daktari Mardhiya. Yeye yuko Unguja mjini, na picha anayoiona Bi Tatu ndiyo hiyo hiyo anayoiona yeye.

"Bi Asma, unaniona?" akaniuliza.

"Nakuona, daktari."

"Basi na mie nakuona, na mwanao namwona."

Nilicheka mpaka picha ikatikisika, akaniambia nitulie. Baadaye akawa anasema na Bi Tatu tu. "Rudi kushoto. Kidogo tena. Hapo hapo, usiondoe mkono." Akainama akaitazama picha muda mrefu bila ya kutikisika. Nilidhani mtandao umekata.

Ni mwanamume, Hamdan. Miaka sita tumengoja, na ni mwanamume, mzima, anapiga mateke. Daktari anataka nirudi kila baada ya wiki mbili, kwa vile ni mimba ya kwanza na imechelewa, wanapenda kuiangalia vizuri tu. Nilimwuliza Bi Tatu kama na wewe huwezi kutiwa kwenye kioo kile, maana daktari yuko mji huo huo ulimofungwa wewe. Akasema gerezani hakuna mambo hayo.

Usiwe na wasiwasi wowote. Novemba unatoka, si mbali.

Mkeo,
Asma

*

Kituo cha Afya
24 Januari 2024

Ndugu yangu Hamdan,

Mie ni Tatu, mkunga wa kituo. Yussuf nimempa bahasha hii imefungwa, sikumwambia kilichomo. Naomba unisamehe kwa ninayoyaandika, kwanza kwa sababu ni mazito, na pili kwa sababu mkeo ameniapisha nisikwambie. Nakwambia kwa vile daktari anataka jibu, na jibu liko kwako.

Mtoto ana kasoro ya moyo. Siku ile ya picha ya kwanza Daktari Mardhiya aliiona, akaniita tena siku ya pili na daktari wa moyo wa watoto, Daktari Suhail, akiwa naye hapo hapo, tukaipiga picha upya kwa saa nzima. Upande wa kushoto wa moyo haukukua. Nimeuona kwa macho yangu, ni kama punje ya mtama, na upande wa pili ndio unaofanya kazi yote.

Sasa hivi, akiwa tumboni, hana dhiki, maana mama yake ndiye anayempumulia. Akizaliwa, kuna mshipa mdogo karibu na moyo ambao kwa kila mtoto hujifunga baada ya siku chache. Kwa watoto wengine haidhuru. Kwa huyu, ukijifunga ndiyo basi. Ipo dawa ya dripu inayouacha wazi, na iko Unguja tu, nayo ni ya kungojea upasuaji. Upasuaji wenyewe ni mara tatu, na haufanywi nchini. Madaktari wameandika kuomba rufaa ya nje. Tusubiri majibu, lakini sitaki kukudanganya: Daktari Mardhiya alipokuwa anamweleza Asma, alivua miwani na hakuivaa tena mpaka mazungumzo yalipokwisha.

Swali lao ni hili: kwenu kumewahi kutokea watoto waliokufa wachanga, hasa waliobadilika rangi? Asma hajui, na kumwuliza mama yako anaogopa, maana hataki mtu yeyote nyumbani ajue.

Nijibu mie peke yangu.

Tatu

*

Unguja
3 Februari 2024

Bi Tatu,

Nimeisoma barua yako mbele ya Afande Nyange, yeye ndiye anayezipitia barua zetu, na alikuwa ameshaisoma kabla yangu. Alinipa kiti. Hajawahi kunipa kiti.

Jibu ni ndiyo. Kabla yangu mama yangu alizaa watoto wawili, wakafa kabla ya arubaini. Wa pili alikuwa anatoka jasho la kipaji cha uso akinyonya, na midomo ikawa ya buluu. Walisema ni jicho la jirani. Mama yangu hajasema na jirani huyo mpaka leo, na jirani mwenyewe amekwisha kufa. Waambie madaktari.

Kama limetoka kwangu, basi ndivyo alivyopanga Mungu, lakini usimwambie Asma kuwa limetoka kwangu.

Na nakuomba jengine. Usimwambie kuwa najua. Ikiwa ameona raha kuwa na mtu mmoja duniani ambaye mtoto wake ni mzima, mwache awe nayo. Mie huku sina la kumpa zaidi ya hilo.

Hamdan

*

Unguja
3 Februari 2024

Asma wangu,

Barua yako imenipa nguvu. Nimewaambia wote chumbani kuwa mwanangu yumo kwenye televisheni ya daktari, na mzee mmoja humu, Mzee Bakar, ananiita baba wa msanii.

Kwa hiyo anapiga mateke? Mwambie ayaweke, atayahitaji kwenye mpira.

Nimefikiri jambo. Njoo ujifungulie Unguja. Hospitali za huku ni kubwa, na huyo daktari wako utakutana naye ana kwa ana badala ya kumtazama kwenye kioo. Utafikia kwa shangazi, nyumba ni kubwa na wanawe wote wamekwisha kuoa. Na mie nitapata kumwona. Siku ya kutembelewa wanaruhusu mke na mtoto. Sitaki kungoja Novemba, nimkute amekwisha kuota meno na hanijui.

Njoo mwezi wa nne, kabla ya mvua kukaza. Nijibu upesi.

Mumeo,
Hamdan

*

Makangale
19 Februari 2024

Mume wangu,

Nimekusikia kuhusu Unguja, na usikasirike, lakini sitakuja. Mama yako na goti lake nitamwachia nani? Shangazi yako namheshimu, ila unajua mwenyewe ulimi wake. Na bahari mwezi wa nne na tumbo la miezi minane, nitatapika mpaka nimtapike mtoto.

Daktari anasema hakuna haja ya kusafiri. Ndiyo maana wameleta mashine, tusisafiri. Hata akizaliwa, kliniki ya watoto nayo iko kwenye kioo kile kile. Bi Tatu ananionyesha wanavyofanya: mama anamfunua mtoto kifua, anamsogeza kwenye kamera, daktari wa Unguja anamtazama anavyohema.

Anakua vizuri. Bi Tatu kampima. Jana usiku alikuwa na kwikwi, tumbo zima linaruka, nikamwita mama yako aje kuliona, tukacheka sote wawili.

Utamwona Novemba, inshallah. Ukikosa meno ya kwanza, yataota mapya.

Asma

*

Unguja
5 Machi 2024

Bi Tatu,

Amekataa kuja. Anasema daktari kasema hakuna haja ya kusafiri. Ni kweli? Wewe uliniandikia kuwa dawa ya dripu iko huku. Siku ngapi ingempa?

Msihi kwa namna yoyote utakayoiweza. Nimesema na Afande Nyange. Akasema mtoto akiwa Unguja, na hali ikiwa ni ya ugonjwa, ataniombea nipelekwe hospitali chini ya ulinzi, hata kwa nusu saa. Akiwa Pemba hawezi.

Nusu saa, Bi Tatu. Siombi zaidi.

Hamdan

*

Kituo cha Afya
28 Machi 2024

Ndugu yangu Hamdan,

Nakuandikia nikiwa na saumu, sitaandika ila kweli.

Majibu ya rufaa yamekuja. Wamekataa, si kwa ubaya. Hospitali iliyoulizwa imesema mtoto wa namna hii anatakiwa azaliwe pale pale, hawezi kusafirishwa mchanga, na kumchukua mama sasa hawana nafasi. Daktari Mardhiya alimsomea Asma barua yenyewe neno kwa neno kwenye kioo. Mkeo akasema, "Ahsante daktari," akashuka kitandani, akaifuta jeli mwenyewe.

Dawa ya dripu ingempa pengine wiki mbili, pengine tatu, na mirija mwilini. Bila ya dawa ni siku chache. Daktari hakumwambia asisafiri. Alimwambia achague.

Nimemsihi. Nimemsihi mpaka akaninyamazia siku nne. Jumapili akanijia mwenyewe, akanambia: "Bi Tatu, Hamdan akimwona atampenda. Akishampenda atamfia, na yeye yumo ndani ya kuta nne, hana hata pa kwenda kulia. Mwache amkose bila ya kumjua. Mie nitamjua kwa sote wawili."

Hamdan, hayo ndiyo yanayomzuia. Anakukinga na jambo ambalo unalo miezi miwili kifuani. Na mie nimekaa katikati yenu kama mwizi wa pande mbili. Nipe ruhusa nimwambie kuwa unajua. Neno moja tu.

Tatu

*

Unguja
7 Aprili 2024

Bi Tatu,

Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe. Neno hili halifai litoke kwa mtu mwengine.

Hamdan

*

Unguja
9 Aprili 2024

Asma wangu,

Sikukuu njema, na Mungu azipokee saumu zetu. Humu tumeambiwa tutapewa pilau. Mzee Bakar anasema mwaka jana waliambiwa hivyo hivyo.

Kuna jambo nataka kukwambia, nalianza na kulifuta. Karatasi wanatupa mbili tu, na hii ni ya pili.

Mtoto akizaliwa mwite Abdulsamad, kama utapenda. Mwambie mama asibebe ndoo. Jambo lenyewe nitakuandikia barua ijayo.

Hamdan

*

Unguja
12 Mei 2024

Asma,

Najua.

Najua tangu mwezi wa pili. Bi Tatu aliniandikia kwa sababu madaktari walitaka kujua habari za kwetu, usimlaumu. Watoto wawili wa mama yangu walikufa kwa ugonjwa huo huo, nadhani. Umetoka kwangu. Nilikuwa nakuandikia habari za mpira na meno, na huku najua. Nilidhani nakupa pa kupumzikia. Nawe ulidhani unanipa mie. Tumefanya nini, Asma?

Jana ilikuwa siku ya kutembelewa. Kijana mmoja wa chumba chetu aliletewa mtoto wake wa miezi miwili. Hairuhusiwi kumshika, wanazungumza kukiwa na meza baina yao. Afande Nyange akageuka akawa anatazama ukuta, anatazama ukuta kabisa, kama kuna kitu pale. Yule kijana akamshika mtoto. Dakika moja, labda mbili. Nikarudi chumbani nikaomba karatasi.

Njoo. Kama hujazaa njoo, na kama umezaa njoo naye. Sitaki kukingwa. Nataka kumwona mwanangu akiwa hai, hata akiwa hali yake ni mbaya, hata akiwa anakata roho. Sitakuwa na kitu chengine katika maisha yake isipokuwa hicho.

Nimemwomba Yussuf aondoke na barua hii kwa boti ya kwanza.

Hamdan

*

Makangale
2 Juni 2024

Hamdan,

Yussuf amekwisha kukwambia, najua. Alirudi Unguja kwa ajili hiyo. Lakini alikwambia maneno matatu tu, kwa alivyonieleza, na wewe hukuuliza. Nakueleza mie.

Alizaliwa tarehe kumi na nne, Jumanne, baada ya adhuhuri, kituoni. Alilia kwa sauti. Bi Tatu alimpima, kilo tatu na gramu mia mbili, mtoto kamili, mwekundu, na ukimtazama usingejua. Baba yangu, Mzee Jecha, ndiye aliyemwadhinia. Nilimwita Abdulsamad, kama ulivyotaka.

Siku tatu za mwanzo alinyonya kama mtoto mwengine. Kila asubuhi nilimpeleka mbele ya kioo. Daktari Suhail anasema, "Mfunue kifua, mama. Msogeze. Nionyeshe kucha." Nikamwonyesha kucha. Siku ya nne akaanza kutoka jasho la kipaji anaponyonya. Mama yako alikuwa amekaa mlangoni. Aliliona jasho lile, akainuka, na goti lake lile, akatoka nje. Tangu siku hiyo amejua, na hakuniuliza kitu.

Siku ya saba, Jumatatu jioni, Yussuf akaniletea barua yako. Boti mbili zilikuwa zimezuiliwa kwa upepo, ndiyo ikachelewa. Nimeisoma nimesimama. Sikulia. Nilikasirika, Hamdan, nakwambia kweli, nilikasirika mpaka maziwa yakakauka kwa saa kadhaa. Miezi minne nilikuwa nalala na jambo lile peke yangu, kumbe tulikuwa tunalala nalo wawili, kila mtu kisiwa chake.

Alfajiri nikaenda kwa Bi Tatu, nikamwambia, "Nampeleka kwa baba yake." Akampigia Daktari Suhail, akaja kwenye kioo hata kofia ya kusalia hajaivua. Akamtazama mtoto. Alikuwa anahema kwa mbavu, na nyayo zimekuwa za baridi.

"Bi Asma," akasema, "safari hii anaweza asiifike."

"Na akibaki hapa, atafika wapi?"

Akamwambia Bi Tatu achukue mtungi wa oksijeni, na yeye mwenyewe atatungojea bandarini Unguja na gari. Halafu akasema atapiga simu huko uliko wewe, amtafute afande wako. Sijui kama alipiga.

Tukatoka saa mbili asubuhi, mie, Bi Tatu, Yussuf na dereva. Boti ilikuwa ya mchana, Mkoani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Konde. Bi Tatu ameshika kinyago cha oksijeni usoni mwa mtoto, mie nimempakata. Nikawa namwambia tunakokwenda. Nilimwambia jina lako, nikamwambia wewe ni mrefu, nikamwambia unapenda muhogo wa nazi na huwezi kuimba. Nilimweleza kila kitu nilichokuzuia kumweleza mwenyewe. Tulipita Wete, tukapita Chake. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama mie. Baada ya Chake akahema mara moja, kwa kirefu, kisha nikangoja apumue tena.

Bi Tatu akatazama saa yake. Saa nne na nusu. Dereva akasimamisha gari bila ya kuambiwa.

Tukakaa pale. Yussuf akauliza tuendelee Unguja, ili umwone hata hivyo. Bi Tatu akasema bandarini hawatampokea maiti bila ya karatasi, na kupata karatasi ni siku nzima. Wakanitazama mie. Nikasema turudi. Mie ndiye niliyesema, Hamdan. Sina wa kumsingizia. Niliona sikutaka awe mtoto wa kukaguliwa bandarini. Tukageuza gari, akazikwa Makangale alasiri ile, kwenye mvua.

Daktari Mardhiya alinipigia baadaye. Akasema angekufa siku ile ile hata kama angebaki kitandani, si safari iliyomwua. Sijui kama anasema kweli au ananihurumia. Sote tumezoea kuhurumiana namna hiyo, sasa sijui tena neno la nani ni la kweli. Bi Tatu anakuja kila siku ananiletea uji, namwambia aweke pale, aende.

Kwamba limetoka kwenu, sijali. Mama yako nimemwambia ni ugonjwa wa moyo, na wale wawili wake pia, si jicho. Akauliza, "Kwa hiyo yule jirani nilimwonea bure?" Nikamwambia ndiyo. Hakula siku ile.

Unauliza tumefanya nini. Nimefikiri sana. Ungeniambia mwezi wa pili, ningekuja mwezi wa nne, na ungemshika. Ningekwambia mwezi wa kwanza, ungemshika. Hakuna hesabu ya tatu.

Sina nguvu ya kukufariji, na sitaki kufarijiwa. Ukiniandikia tena, andika la kweli tu, hata likiwa mstari mmoja. Kama huna, usiandike.

Asma

*

Unguja
30 Juni 2024

Asma,

Nimekaa na karatasi hii wiki mbili.

Daktari Suhail alipiga kweli. Saa tatu asubuhi Afande Nyange alinitoa, akanipa shati lake la nyumbani nivae badala ya sare, ili mtoto asinione na sare. Tulikuwa tumekaa kwenye gari, injini inawaka, tunangoja tuambiwe boti imeondoka Mkoani. Saa tano ikaja simu. Afande akazima injini. Tulikaa humo mpaka adhuhuri.

La kweli ni hili: nina hasira na wewe kwa kugeuza gari, na najua ningekuwa mie ningegeuza. Nina hasira na mie zaidi. Novemba sijui kama nitaweza kuingia nyumba ile. Sijui kama wewe utataka niingie.

Mwulize dereva ni wapi hasa mlisimama. Nikiteremka Mkoani nitakwenda kwa miguu mpaka hapo. Baada ya hapo sijui.

Hamdan